Jinsi ya Kuchagua Kamera ya Video kwa Fedha Kidogo

Tangu Chama cha Sinema cha shule yetu kiliponunua kamera ya video muhula uliopita, wanafunzi wengi wamenijia bwenini na bwaloni kuniuliza maswali. Wengine huuliza bei yake. Wengine huuliza kwa nini hatukununua ile mpya yenye maandishi ya dhahabu. Mzazi mmoja aliyekuja siku ya wazazi aliniuliza kama yafaa amnunulie mwanawe kamera ya namna hiyo hiyo. Kwa kuwa mimi ndiye katibu wa chama, na siwezi kumjibu kila mtu peke yake, nimeona vyema niandike hapa mambo tuliyojifunza, ili mwenye nia ya kuanza kutengeneza filamu asije akauziwa mbuzi kwenye gunia.

Fedha zetu zilikuwa shilingi 700,000. Kwa tajiri hizo si nyingi, lakini sisi tulizikusanya kwa miaka miwili, kwa kuuza mchicha wa bustani ya chama, kwa ada za wanachama, na kwa michango ya wazazi. Tulijua kwamba zikipotea, hatutapata nyingine kabla ya sisi wa Kidato cha Nne kuondoka.

KWANZA JIULIZE KAZI YAKE

Mtu anayekwenda kununua jembe hujua kwanza shamba lake ni la udongo gani. Ndivyo ilivyo kwa kamera. Kabla ya kuuliza bei, andika kwenye karatasi kazi ambazo kamera itafanya katika mwaka wa kwanza.

Sisi tuliandika kazi tatu. Ya kwanza ni filamu ya dakika 20 juu ya mpishi wetu mkuu, ambaye sote twamwita Babu. Babu anastaafu mwaka huu baada ya kuwapikia wanafunzi wa shule hii kwa miaka 31. Yeye husema kwa sauti ndogo, na jiko letu, kama mjuavyo, lina giza na moshi. Kazi ya pili ni kurekodi michezo ya kuigiza ukumbini, ambako mpiga picha hukaa nyuma ya viti. Kazi ya tatu ni mahafali, ambayo huchukua saa tatu au zaidi bila kusimama.

Tazama jinsi orodha hiyo fupi ilivyotufundisha. Babu ametuambia tutafute kamera inayosikia vizuri na inayoona penye giza. Ukumbi umetuambia tutafute kamera inayoweza kuvuta picha ya mbali. Mahafali yametuambia tutafute kamera isiyochoka upesi. Hakuna kazi hata moja iliyotuambia tutafute kamera mpya, wala yenye rangi nzuri.

KWA NINI SI SIMU?

Swali hili ni la haki, nami nitalijibu bila kupendelea. Simu nzuri ya siku hizi hutoa picha safi, na mara nyingi hupita kamera nyingi za video za bei nafuu, hasa mchana. Kwa hiyo mzazi ambaye nyumbani kwake imo simu nzuri, na mtoto wake ataka kujaribu tu, asiharakishe kununua kamera. Amnunulie maikrofoni na stendi ya miguu mitatu, naye ataanza vizuri.

Lakini shuleni kwetu mambo ni mengine. Sheria haituruhusu kuwa na simu bwenini. Simu ni mali ya mtu mmoja, na mwenyewe akiondoka, huondoka nayo. Kamera ni mali ya chama, hufungiwa kabatini, na hubaki. Zaidi ya hayo, kamera ya video ina lenzi inayovuta vitu vya mbali kwelikweli, betri yake hutolewa na kuwekwa nyingine kwa nusu dakika, na chini yake mna tundu la skrubu la kuifungia kwenye stendi. Nayo imetengenezwa kwa kurekodi muda mrefu. Kamera nyingi za picha za kawaida zilizotoka miaka iliyopita husimama zenyewe kabla ya kutimiza dakika 30 za video, na jambo hilo lingetuharibia mahafali.

KAMERA NDOGO SI KAMERA YA MZAHA

Wako wanafunzi wanaofikiri kwamba filamu ya kweli haiwezi kutoka katika kamera ndogo. Historia yawapinga. Zamani mtu aliyetaka kupiga video alibeba kamera mkononi na chombo cha kurekodia begani, na vyote viwili viliunganishwa kwa waya. Mwaka 1983 kampuni ya Sony ya Japani ilianza kuuza Betamovie, kamera iliyobeba kanda yake ndani, hata mtu wa kawaida akaweza kuitumia nyumbani. Ilikuwa kubwa, ya kuweka begani, na haikuweza hata kuonyesha picha ilizozipiga. Ilibidi kanda itolewe na kutiwa katika mashine nyingine.

Mwaka 1992 huko Nigeria ilitoka filamu iitwayo Living in Bondage. Haikuanzia katika majumba makubwa ya sinema. Iliuzwa kwa watu katika kanda za video, nayo ndiyo inayotajwa sana kuwa ilifungua biashara kubwa ya filamu katika nchi ile. Tena mwaka 1998, Thomas Vinterberg wa Denmark alionyesha filamu yake Festen katika tamasha la Cannes huko Ufaransa. Ilipigwa kwa kamera ndogo ya mkononi ya Sony, ya namna ambayo wazazi walikuwa wakiwapigia watoto wao siku za sikukuu, nayo ikapata Tuzo ya Jopo la Waamuzi. Kamera ya bei nafuu ya leo hutoa picha zenye nukta nyingi kuliko ile. Basi tusiseme kwamba ni kamera inayotuzuia.

NAMBA ZILIZOANDIKWA KWENYE BOKSI

Sasa nafika kwenye jambo lililokigawa chama chetu. Baadhi ya wenzetu waliona dukani kamera mpya kabisa, ikiwa katika boksi lenye maandishi makubwa: 4K, megapikseli 48, kuvuta mara 16. Bei yake ilikuwa karibu sawa na ya kamera ndogo ya kampuni kubwa iliyokwisha kutumika. Kelele zilikuwa nyingi mkutanini. Wengine walisema, "Mpya ni mpya." Mwalimu mlezi akatuambia tusipige kura kabla ya kuelewa maana ya namba zile.

Picha ya video ni nukta nyingi zilizopangwa kwa mistari, nazo huitwa pikseli. Picha ya HD kamili ina nukta 1,920 kwa upana na 1,080 kwa urefu, yaani nukta 2,073,600. Picha ya 4K ina nukta 3,840 kwa 2,160, yaani nukta 8,294,400, mara nne ya ile ya kwanza. Yaonekana kana kwamba 4K lazima iwe nzuri mara nne. Lakini yafaa tuulize: nukta hizo zimeonwa na kamera, au zimebuniwa?

Chukua picha iliyochorwa kwenye karatasi ya miraba, kisha uinakili kwenye karatasi yenye miraba mingi mara nne. Je, sasa utaona kope za mtu ambazo hazikuchorwa mwanzoni? Hata kidogo. Umeongeza miraba, hukuongeza habari. Kamera nyingi za bei rahisi zinazojitangaza kwa namba kubwa hufanya hivyo hivyo. Zina kioo kidogo kinachopokea picha ndogo, kisha hujaza nukta za katikati kwa kukisia. Wahenga walisema: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Namba ya kuvuta nayo yahitaji akili. Kuna kuvuta kwa lenzi, ambako vioo vya ndani husogea na picha ya mbali huja karibu ikiwa safi. Na kuna kuvuta kwa hesabu, ambako kamera hukata kipande cha katikati cha picha na kukitanua. Tofauti yake ni kama kumsogelea mtu na kutanua picha yake kwenye gazeti. Hata kampuni kubwa huandika namba zote mbili. Kamera ya Canon VIXIA HF R800 ya mwaka 2017 huvuta mara 32 kwa lenzi, lakini katika karatasi yake mna pia namba 1,140, ambayo ni ya kuvuta kwa hesabu. Namba ya kutazama ni 32. Na kamera isiyo na kuvuta kwa lenzi hata kidogo, msomaji mpenzi, itakufanya uketi miguuni pa waigizaji.

Tulipata njia rahisi ya kupima. Mwombe mwenye duka akuruhusu kupiga video ya ukurasa wa gazeti ulio mbali mita tatu, kisha uitazame kwenye kompyuta. Kama herufi ni kama uji, funika boksi na umshukuru. Mwenye kamera nzuri hatakataa kipimo hicho.

MWANGA

Ndani ya kamera, nyuma ya lenzi, mna kibao kidogo kinachopokea mwanga na kuugeuza kuwa umeme. Mafundi hukiita sensa. Fikiri mvua inanyesha, nawe umeweka nje kikombe na beseni. Kwa muda ule ule beseni litapata maji mengi zaidi. Vivyo hivyo kibao kikubwa hupata mwanga mwingi zaidi, na picha za jikoni au za jioni huwa safi. Kibao kidogo penye giza hutoa picha yenye chenga, kama mchanga unaotembea.

Lakini kibao kikubwa huongeza bei. Mwenye fedha kidogo ana dawa nyingine, nayo ni kuupeleka mwanga kwa mtu au kumpeleka mtu kwenye mwanga. Sisi tulimwomba Babu aketi karibu na dirisha la stoo, ubao mweupe ukiwa upande wa pili kurudisha mwanga usoni pake. Dirisha halina gharama.

Kuna na jambo la umeme. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo taa nyingi za tyubu huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde. Macho yetu hayaoni, lakini kamera huweza kuona, na picha ikawa inametameta. Kamera zilizotengenezwa kwa Marekani, ambako umeme ni wa hezi 60, hupiga picha 30 au 60 kwa sekunde. Zile za Ulaya hupiga 25 au 50, nazo hupatana na taa zetu. Mwenye ndugu Marekani aliyemletea kamera asiitupe. Aiweke kasi ya shata kwenye 1/100 kama kamera yenyewe yaruhusu, na kumetameta kutapungua sana.

SAUTI NI NUSU YA FILAMU

Hili ndilo jambo kubwa kuliko yote niliyoyaandika. Mtazamaji huvumilia picha yenye chenga kidogo, lakini asiposikia maneno, huondoka. Kila mwanafunzi aliyewahi kutazama filamu ya kienyeji yenye upepo na mwangwi ndani yake anajua nisemalo.

Maikrofoni iliyomo ndani ya kamera hukaa mahali ilipo kamera, wala si mahali alipo msemaji. Wanaosoma Fizikia wanajua kanuni: mahali pa wazi, umbali ukizidi mara mbili, nguvu ya sauti hushuka hadi robo. Ukienda mita nne badala ya moja, hubaki sehemu moja katika 16. Sauti ya Babu ni ndogo, na sufuria za jikoni hazinyamazi. Kwa hiyo tulihitaji maikrofoni ndogo ya kubana kwenye kola, na kamera yenye tundu la kuichomeka.

Hapo kamera nyingi za bei nafuu zilianguka. Sony HDR-CX405, ya mwaka 2015, ni nyepesi, huvuta mara 30 kwa lenzi, na kamera hutulia vizuri mkononi. Lakini haina tundu la maikrofoni. Kwa mtu anayetaka kupiga michezo ya mpira na sikukuu za nyumbani, yatosha kabisa. Kwetu haikufaa. Panasonic HC-V770, ya mwaka 2015 pia, ina tundu hilo, kibao chake cha mwanga ni kikubwa zaidi, nayo huvuta mara 20. Ilitupendeza sana, lakini zile tulizoziona zilipita uwezo wetu. Canon ile niliyoitaja, ambayo Ulaya ilitoka kwa jina la LEGRIA HF R806, ina tundu la maikrofoni na tundu la hedifoni pia. Kibao chake ni kidogo, wala haina 4K. Hata hivyo ilijibu maswali yetu mengi kuliko nyingine kwa fedha tulizokuwa nazo.

Nawakumbusha wanunuzi wa maikrofoni jambo moja. Maikrofoni nyingi zinazouzwa barabarani ni za simu, na ncha yake ina pete tatu nyeusi. Ya kamera ina mbili. Zatazamana kama mapacha, lakini ya simu huweza kukosa sauti kabisa katika kamera mpaka uinunulie kiunganishi.

KAMERA ZA KANDA

Mtu akikuuzia kamera ya zamani ya kanda ndogo za dijitali, namna iliyoanza mwaka 1995, huenda bei ikawa chini sana. Fikiri kabla ya kufurahi. Kanda zake ni shida kupatikana. Saa moja ya kanda huchukua saa moja kuihamishia kwenye kompyuta, na kompyuta nyingi za siku hizi hazina tundu la waya wake. Kamera ya kadi hukuondolea taabu hiyo.

Kadi nayo ina hesabu zake. Ukirekodi kwa megabiti 24 kwa sekunde, hiyo ni megabaiti 3 kwa sekunde, 180 kwa dakika, na karibu gigabaiti 11 kwa saa. Kadi ya gigabaiti 64 itakutosha kwa karibu saa sita. Lakini ukirekodi 4K kwa megabiti 100, saa moja hula gigabaiti 45. Kompyuta za maabara yetu zingelia machozi. Tena kadi za bandia ni nyingi: huandikwa 64 nje, na ndani zina 8. Ukinunua kadi, ijaze mpaka mwisho, kisha utazame kama mafaili yote yafunguka. Fanya hivyo kabla ya siku ya kazi.

KUKAGUA KAMERA ILIYOTUMIKA

Siku hizi watu wengi hupiga video kwa simu, na makampuni makubwa hayatoi tena kamera nyingi mpya za bei nafuu. Kwa hiyo mwenye fedha kidogo aghalabu atanunua iliyotumika. Mwalimu mlezi alitupeleka Dar es Salaam, mimi na mweka hazina, na huko Kariakoo tulikagua kamera nne. Hizi ndizo hatua tulizozifuata.

Kwanza, mulika lenzi kwa tochi na utazame ndani. Kamera iliyokaa pwani kwenye unyevu huweza kuota kuvu, inayoonekana kama utando wa buibui. Kamera moja ilikuwa nayo, tukairudisha. Pili, funika lenzi na urekodi giza. Nukta nyeupe au nyekundu zisizosogea ni alama za kibao kilichoharibika. Tatu, piga ukuta mweupe uone kama kuna madoa. Nne, vuta karibu na urudishe mbali mara kumi, ukisikiliza kama mtambo unakwaruza. Tano, chomeka maikrofoni na hedifoni, uzungumze, ukitikisa waya kidogo. Sauti isikatike. Sita, acha kamera irekodi dakika 20 kwa betri yake, uone imebaki na nguvu kiasi gani. Saba, funga skrubu ya stendi. Nane, fungua video kwenye kompyuta kabla ya kutoa fedha. Mwisho, dai risiti yenye namba ya kamera.

Muuzaji wetu alikuwa mtu mzima aliyekuwa akipiga picha za harusi. Alitutazama tukifanya hayo yote kwa muda wa saa nzima, kisha akasema, "Wanangu, mngekuwa nyinyi mnaninunulia mimi, ningelala usingizi." Akatupunguzia shilingi 20,000.

HESABU YOTE

Kosa la wanunuzi wengi ni kutoa fedha zote kwa kamera, kisha wakakaa na kamera isiyo na kadi. Kanuni tuliyojiwekea ni hii: kamera isizidi theluthi mbili za fedha. Matumizi yetu yalikuwa hivi. Kamera, shilingi 430,000. Stendi, 75,000. Maikrofoni ya kola, 65,000. Betri ya pili, 45,000. Kadi, 35,000. Waya wa kurefushia umeme, 10,000. Jumla 660,000. Zilibaki 40,000, ambazo mweka hazina anaziweka kwa ajili ya matengenezo.

Kama tungenunua kamera ya bei kubwa zaidi, tungepiga picha nzuri za mdomo wa Babu ukichezacheza bila kusikia asemalo. Maana kamera ya kwanza haichaguliwi kwa ukubwa wa namba zake. Huchaguliwa kwa kazi iliyo mbele yako, pamoja na gharama ya vyote vinavyoifanya ikamilike.

Filamu ya Babu imekamilika. Ina mahali palipo na giza kidogo, na mara moja kuku anapita mbele ya lenzi. Lakini maneno yake yote yanasikika, hata pale anapoeleza jinsi alivyopika uji wa wanafunzi 400 kwa kuni mbichi siku ya mafuriko, na pale anapowataja kwa majina wasaidizi wake waliokwisha kufariki. Tulipomwonyesha, alivaa hedifoni, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akaomba arudie kipande cha majina. Itaonyeshwa ukumbini siku ya mahafali, na wazazi wote wanakaribishwa.

Mwezi wa Novemba sisi wa Kidato cha Nne tutafanya mtihani wa taifa na kwenda zetu. Kamera itabaki kabatini mwa mwalimu mlezi, pamoja na daftari ambalo kila anayeiazima huandika jina, tarehe na hali aliyoirudishia. Wenzetu wa Kidato cha Tatu, nawaomba mambo mawili. Msiiache kwenye jua, na msiweke betri mvunguni mwa vitanda. Pia tafuteni mtu mwingine kama Babu, maana wako wengi, na sauti zao ni ndogo.

Katibu, Chama cha Sinema
Kidato cha Nne